Kipande cha Kahawa cha Isansa

Jumanne jioni, Vwawa

Haikuwa kutu ya majani. Wiki nzima nimekaa peke yangu na picha ya satelaiti, ile inayosoma rangi ambazo jicho halioni, na programu imeng'ang'ania kwamba kipande kimoja cha kahawa huko Isansa hakifanani na vya jirani. Niliogopa ni ugonjwa huo wa kutu. Leo nimekwenda kuangalia.

Mwenye shamba, Mzee Nzunda, alinisindikiza hadi ukingoni akasimama. Magugu yalikuwa yameifunika mibuni yote.

"Hapa palikuwa pa mama watoto," alisema. "Tangu tumzike sijaingia, mwanangu."

Nikamwambia tu kwamba picha imepaona kutoka juu kabisa. Akaenda kuchukua majembe mawili. Tukapalilia mpaka saa saba.

Kwenye ripoti nimeandika "magugu". Sijui kama inatosha.

Nilipoaga aliniuliza, "Utarudi lini?"

Tangu nihamie huku hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu Jumamosi, ingawa kazi ya pale imekwisha.