Kawaida Iko Dawa Gani?

Yaya mpendwa, dada yangu mkubwa,

Nimefungua daftari langu, lile ulilolicheka kwa sababu naandika tarehe hata kwa siku isiyo na jambo. Juma hili lina jambo, nami nakuletea wewe, ingawa sasa ni mwaka wa pili uko kaburini.

Unakumbuka jioni zetu mtaani Saio? Ulikuwa ukirudi kutoka hospitali, ukivua viatu mlangoni na kunisimulia habari za stajiere wako, wale madaktari wanafunzi. Mmoja alimwandikia mtoto kinini wakati kipimo kilionyesha hana malaria. Ulipomuuliza sababu, akajibu, "Dokta, ni ya kawaida." Nawe mbele ya wote: "Kawaida iko dawa gani? Inauzwa mu farmasi gani?" Hata wagonjwa walicheka. Kisha ukamkalisha, mkasoma pamoja yale yaliyothibitishwa. Nilicheka nami huku nikisonga bugali. Ulipofariki, nilidhani maneno hayo tumeyazika pamoja nawe.

Jumatatu mwanangu Furaha alishikwa na homa kali. Nilimbeba kutoka Shari hadi hospitali, nikamkuta stajiere mmoja mwembamba mwenye miwani.

"Dokta, umuwekee serumu ya kinini mu mushipa. Kawaida ndiyo inamuponyeshaka."

"Ngoja kwanza, mama."

Akampima damu: hakuna malaria. Nikapandisha sauti, nikamwambia mutoto anakufa na weye unangoja. Hakukasirika.

"Mama, kawaida iko dawa gani? Inauzwa mu farmasi gani?"

Yaya, nilikaa chini. Mimi, mdogo wako, naulizwa kwa maneno yako!

"Nani alikufundisha hayo?"

"Mwalimu wetu. Anasemaka yeye mwenyewe aliulizwa vile zamani, mbele ya wagonjwa, na mama mumoja dokta. Siye hatukumuona."

Akawasha tochi, akachungulia koo, kisha masikio. La kulia lilikuwa jekundu, limevimba ndani. Akaandika dawa ya sikio hilo, akanieleza kwa nini hiyo na si nyingine. Alhamisi homa ilikuwa imekwisha. Furaha aliomba kula sombe, kisha akanigombeza kwamba chumvi ni kidogo.

Sikumwambia kijana yule mimi ni nani. Nilitaka wewe ujue kwanza. Chini ya Alhamisi nimeandika maneno machache tu: Furaha mzima. Yaya bado anafundisha.

Lala bila wasiwasi.

Mdogo wako, niliyekwenda hospitali kutafuta kawaida