Polka Ilipopita Dirishani

Zuni uko wapi?? Shika simu! Nimeaibika mpaka masikio yanawaka 😭

Si unajua leo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha kwa Kiingereza cha kitaaluma? Mada yangu nyimbo za kampeni za urais. Na Profesa Melanio tangu muhula uanze ni wimbo mmoja tu: "Mtafiti hana chama! Sema 'ushahidi unaashiria', usiniambie 'mimi naona'!" Ukifeli kwake, udhamini wa shahada ya pili usahau.

Basi nikasimama, nimependeza, Kiingereza kinateleza chenyewe. Nasema ushahidi unaashiria kwamba nyimbo hazimyumbishi mpiga kura aliyesoma...

Hapo hapo msafara wa kampeni ukapita chini ya dirisha. Spika juu ya lori. Polka ya chama, ngoma yetu ile ya kuchezeka, sauti mpaka mwisho!

Shoga, NILIPIGA UKELELE. Ule wetu wa kwenye polka, kichwa nyuma, mkono juu! Katikati ya sentensi! Mimi, mtafiti!

Na darasa zima likaitikia 🤦🏽‍♀️

 Profesa akaweka kikombe chake cha chai baridi ya tereré chini, taratibu. "Ninfa binti yangu, ushahidi tumeusikia. Sasa kabadilishe hitimisho."

Nimepita, Zuni! NIMEPITA!

Ila nakuomba, baba asijue. Unamjua yule, amepaka hadi banda la kuku rangi ya buluu ya chama chake.

Ile polka ilikuwa ya chama cha Wekundu.