Matundu ya Spinachi

Mdogo wangu mpendwa,

Jana, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, tulipoteza rafu yetu katika lile duka la mboga zisizopigwa dawa. Miaka sita tumeijaza, mafungu themanini ya spinachi kila Jumanne, na imeondoka kwa dakika kumi. Nimetanguliza hilo kwa sababu kalamu ilikataa kuanza na jingine. Sasa nikusalimu inavyopasa. Hujambo? Wifi hajambo? Yule wa mwisho kikohozi kimemwachia? Mama hapa ni mzima, ila goti linamsumbua kwenye ngazi, na tangu jana ananiuliza mbona nimenuna. Sijamwambia.

Wewe unakaa na shamba, duka hilo unalijua kwa kusimuliwa tu. Sakafu inang'aa hadi unaona aibu kuikanyaga. Wateja wake hawanunui mboga, wanazihoji. Yupo bwana anayenusa karoti mojamoja kama mpelelezi. Na wote wana mtindo mmoja: wanainua jani kwenye mwanga wakitafuta tundu la mdudu. Mdudu akila akaenda zake salama, nao watakula salama. Jani zima wanalirudisha na kujifuta vidole. Mimi niliyeanza na beseni moja nje ya stendi, nikitupa kila jani lenye tundu ili nipate mnunuzi, nilicheka sana siku ya kwanza. Kisha nikazoea.

Kati yao yupo tunayemwita Mama Miwani, fundi cherehani mstaafu. Si tajiri kama wenzake. Anakuja kwa basi, ananunua mafungu manne, basi. Ni ya mumewe. Mzee yule alipuliza dawa katika mashamba ya watu miaka ishirini bila hata kitambaa puani, na sasa akila kitu kilichopigwa dawa ngozi inamvimba, pumzi inambana. Miezi miwili hii, mama wa watu ananiambia, uvimbe umerudi na hawajui umetoka wapi.

Jana aliinua fungu, akavua miwani, akaivaa tena, akaniita mbele ya watu. Akasema matundu yote yana ukubwa mmoja na yamepangana kutoka jani hadi jani. Akaniuliza huyu mdudu wangu amesomea ushonaji wapi. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema ameshika sindano miaka arobaini, analijua tundu la kutobolewa na la kutafunwa. Meneja akaja, akakagua fungu baada ya fungu, akaniambia nibebe makreti yangu yote na nisirudi.

Najua unavyowaza: wamemsingizia dada. Hawakunisingizia, mdogo wangu. Nilitoboa mimi, kwa sindano ya kushonea magunia, nimejifungia stoo.

Hesabu ndiyo iliyonisukuma. Miaka yote, katika mafungu themanini, hamsini na kitu yalikuja yameliwa. Wiki moja yakaja matatu. Wiki iliyofuata, hakuna hata moja. Wiki nane sasa. Wadudu hawafungashi mizigo wakahama wote siku moja. Nilipaswa kukuuliza siku ileile. Badala yake nikajiambia nalinda jasho letu, na kwamba nisipouliza sijui, na nisipojua sijamdanganya mtu. Kila Jumanne nikampa Mama Miwani mafungu yake manne na kumwambia mzee ale apone.

Alinifuata nje hadi kwenye pikapu. Hakunitukana. Alitaka kujua kama kuna dawa, ni dawa gani, na tangu lini, akamweleze daktari. Nikasema sijui. Hapo ndipo alipopaza sauti: mtu hatoboi majani kwa sindano bila kujua anaficha nini. Nimemwahidi kwamba Jumamosi saa nne nitakuwa mlangoni kwake na jibu.

Rafu niachie mimi. Nilishawahi kuanza na beseni. Usiniandikie kuhusu mvua, wala mbegu mpya. Sikukupigia simu kwa sababu nakujua, ukibanwa unacheka, nami ningecheka nawe, yakaisha hivyo. Kama ulipuliza, huenda ulifanya kwa kuogopa kwamba mafungu hayatafika themanini, na anayekudai themanini kila wiki ni mimi. Hilo nitalibeba. Lakini siwezi kulibeba nisipolijua.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka.

Dereva wa pikapu atakuletea barua hii kesho, na Ijumaa saa sita mchana atakuwa getini kwako akisubiri karatasi. Niandikie: ulipuliza au hukupuliza, jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, na tarehe. Akirudi mikono mitupu, nitajua ulipuliza, na nitakwenda kumwambia hivyo yule mama. Ijumaa, saa sita.

Ni mimi,
dada yako