Vitabu Havipigi Simu

Jumanne, usiku

Na bado nasema nilikuwa na haki ya kumuuliza daktari maswali yote yale. Mimi niliyeandika mara nyingi kwamba sisi si panya wa maabara ya mtu, leo nimekwenda hospitalini mwenyewe kuomba nijaribiwe katika utafiti wao wa moyo.

Daktari alieleza vizuri. Mkanda wa kupimia presha unabana mkono mpaka damu isimame, kisha unaachiwa, tena na tena. Mkono ukionja njaa ya damu kidogo, huenda moyo ukajifunza kuvumilia njaa kubwa siku ya mshtuko wa moyo. Huenda. Hawajui bado. Nilimbishia mpaka nesi akacheka: "Mzee, hata mkanda umechoka na wewe."

Kisha nesi huyo akauliza nyumbani nitajifunga mkanda mbele ya nani.

"Nina vitabu."

"Vitabu havipigi simu, baba. Ukizidiwa je?"

Bila mtu wa kuniangalia, hawanichukui. Nilikubali, nikaondoka. Mimi!

Moyo huu umeshanitisha mara moja. Naogopa kufa humu ndani, nigunduliwe baada ya wiki.

Jioni nimechinja kuku. Kwa desturi yetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mke wangu Rasoa, Mungu amrehemu, aliniwekea kila mara bila kuulizwa. Leo nimejipakulia mwenyewe, nikashindwa kuila.

Aliye karibu wa kuniangalia ni jirani yangu Mukabwa, hapo ng'ambo ya ua wa mpaka tuliougombania hadi kwa chifu. Nilishinda kesi. Hatujasalimiana tangu hapo.

Firigisi nimeifunika. Asubuhi nitampelekea, na nitamwacha aanze yeye kusema.