Kidudu Kisichoonekana kwa Darubini

Jumatatu, 9 Juni 1997
Vimekuwa vitano. Vinyama vidogo, kama kishungi cha jogoo, mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu. UKIMWI? Nimemnong'oneza Mabula, mchimbaji anayetuuzia dhahabu ofisini kwetu. Akacheka. Masundosundo hayo, karani! Paka zebaki — inakamata dhahabu, itashindwa na hivyo? Akanimiminia kwenye kizibo cha soda.
Nimepaka. Mimi, niliyemaliza kidato cha sita!

Alhamisi, 12 Juni 1997
Hakuna kilichodondoka. Ngozi imevimba. Nimekwenda zahanati, Kambarage. Daktari ni mama — Apolonia. Shikamoo. Marahaba, vua.
— Zebaki? Kwani wewe ni mchanga wa dhahabu wa Nyarugusu?
Kisha akaeleza taratibu. Si UKIMWI, ila damu nipime pia. Ni kirusi, kidogo mno, hata darubini ya maabara haikioni! Mwanaume hukaa nacho miaka bila dalili. Kina ndugu zake, hao hawaoteshi vinyama, lakini kwa mwanamke huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Baada ya miaka kumi, ishirini. Ishirini! Kondomu hupunguza, haifuniki kote. Kutulia na mmoja husaidia. Chanjo bado, wanaitafuta huko Ulaya.
Alinipaka dawa ya kahawia. Mchumba wako apimwe, akasema. Umwambie mwenyewe, mimi sitakusemea.
Naitazama mikono yangu. Nini kingine kimo humu, kimya hivi?

Ijumaa, 13 Juni 1997
Noela anakuja Jumapili kutoka Kagongwa. Ng'ombe wa mahari wameshapokelewa. Nalala naye tangu Pasaka. Akiniacha?

Jumapili, 15 Juni 1997
Nimemwambia. Yote, hata mwanamke niliyelala naye mgodini mwaka jana. Sikuinua macho.
Hakulia, hakutukana. Akauliza: hiyo saratani, inatoa damu?
Huweza.
Mama yake alikufa mwaka juzi, akitoka damu miezi na miezi. Kijiji kikasema amerogwa na bibi Mbuke, jirani yao, kwa kuwa ana macho mekundu. Wakamchomea nyumba, wakamfukuza kwa mapanga.
Nikasema hatuwezi kujua, Noela, mama hakupimwa.
— Baba alikuwa mtu wa migodini, akasema. Halafu, polepole: Mimi ndiye niliyewaonyesha alikojificha yule bibi.
Mungu wangu!
Amekaa mkekani, mimi naandika kando yake. Nimemwomba kesho twende kwa daktari. Bibi Mbuke yuko hai, anasema, kwa mwanawe, kule Kharumwa. Sasa ananiuliza basi la huko linaondoka saa ngapi —