Mwinjilisti na Mguu wa Naomi

Alhamisi

Eti niivunje plasta ya mwanangu! Mwinjilisti mgeni, aliyeletwa leo jumuiya iliposali hapa kwangu, kanywa chai yangu vikombe vitatu, halafu akaunyooshea kidole mguu wa Naomi, ule aliozaliwa nao umepinda.

"Mama Naomi, hiyo plasta ni mashaka. Ivunje leo, uone Mungu akitenda."

Wanawake wote wakanitazama mimi. Nikamwambia, "Sawa, mtumishi. Tuanze na wewe basi. Vua miwani, utusomee Zaburi kwa imani."

Hakuvua. Mama mkwe alicheka mpaka akaficha uso kwenye kitenge, na mwinjilisti akakumbuka ghafla kwamba anasubiriwa huko Mlola.

Imani gani hiyo, ya kujaribiwa kwenye miguu ya watoto wa wenzio?

Naogopa, sikatai. Hata daktari hajaniahidi kitu. Lakini kila wiki nikimbeba kwenda hospitali kubadilishiwa plasta ya kuunyoosha mguu, naomba njia nzima, na sijawahi kujiona niko peke yangu.

Mguu ukinyooka, nitamshukuru Mungu. Usiponyooka, nitamfundisha Naomi kuchechemea bila aibu, na tutakwenda kanisani kumshukuru Mungu vilevile.