Mke Mkubwa Amepakwa Rangi ya Dhahabu

Nyumba za Wafanyakazi wa Shamba,
Chuo Kikuu.
Jumamosi, asubuhi.

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Kitukuu chako sasa hivi amepanda juu ya ndoo niliyoifudikiza, ameshika mwiko, anawauliza kuku wangu, "Tuko pamoja?" Kuku wanadonoa tu. Akajijibu mwenyewe, "Ndiyooo!" Ndivyo anavyosema mwalimu wa uchumi kwenye ukumbi mpya, ambao dirisha lake linatazamana na kamba yangu ya nguo. Mtoto hata "maji" hajajua kuyataja vizuri, lakini kufundisha anajua. Majirani wanamwita Profesa, na mimi nimekuwa Mama Profesa bila kukanyaga darasa hata moja la hapa.

Hujambo lakini? Goti vipi? Na Bibi, bado anakunyima chumvi? Sisi wazima, ila mimi nimechoka, Babu. Nimechoka mpaka kwenye kope.

Ungerudi leo usingepajua hapa. Ulipopaacha palikuwa shule ya kilimo: madarasa mawili ya bati, wanafunzi na mabuti yao, na wewe juu ya trekta lako jekundu, unalima umande haujakauka. Pakawa chuo, sasa ni chuo kikuu. Banda la vifaranga ndiyo chumba cha kompyuta. Palipokuwa na nguruwe sasa watu wanasomea sheria. Mume wangu anasema makelele hayajapungua. Mabinti wenye viatu virefu wakichelewa wanakatiza uani kwangu, wananikanyagia mboga, halafu wananiambia "samahani, mama", na mimi nawazidi miaka michache tu. Kukua ni kuzuri, sikatai. Nataka na huyu wangu aje asome humu humu. Lakini jamani, mtu akikua ndiyo asahau tumbo?

Sasa sikiliza hili, na Bibi asisikie akafurahi. Lile trekta lako, uliloliita Mke Mkubwa kwa sababu Bibi alilalamika unashinda nalo kuliko unavyoshinda nyumbani, wamelipaka rangi ya dhahabu. Dhahabu, Babu! Siku ya sherehe ya chuo walilipandisha juu ya jukwaa la saruji pale getini, liwe kumbukumbu ya tulikotoka. Hotuba zikatolewa, keki ikakatwa. Na mume wangu, yule unayemwita mwizi wa mke wako, aliyepokea usukani mikononi mwako, akapewa kitambaa. Kazi yake siku hizi ni kupangusa vumbi. Dereva mzima! Wanafunzi wanapanda kupiga picha, yeye anasubiri washuke afute nyayo.

Tuliahidiwa trekta jipya. Lilikuja kweli, lina kioo kama cha televisheni. Likalima kidogo, taa nyekundu ikawaka, likagoma. Mpaka leo linamsubiri fundi wa kampuni, na fundi sijui anasubiri nini. Mawingu nayo yanazidi kuwa meusi. Wakubwa wameshatoa neno: shamba lililobaki, lile la bondeni, mvua ikilikuta halijalimwa litafanywa maegesho ya magari, na sisi wa nyumba za shamba tufungashe. Tufungashe twende wapi, na Profesa na kuku wake?

Jana jioni Bwana Shamba alikuja mwenyewe akasimama mlangoni, hata kiti akakataa. Akamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Dereva, yule mama wa getini bado anaweza kuwaka?"

"Bosi, mimi napangusa tu."

"Usinizungushe. Kitambaa chako kinanuka dizeli."

Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Maana ni kweli, Jumapili watu wakienda kusali yeye huenda kumwasha Mke Mkubwa kidogo, asizeeke vibaya. "Anawaka, bosi. Ila wasomi watasema nini?"

"Wasomi watakula nini?"

Basi, leo tangu asubuhi watu wazima wenye tai wamekaa kikao, wanajadili kama kumbukumbu inaruhusiwa kulima! Wameshapelekewa chai, wakaagiza nyingine. Mume wangu kasimama getini, spana mfukoni. Na mimi nakuandikia, nisije nikaenda kuwagongea mlango na huyu mtoto mgongoni.

Nakuaga mapema, maana huyu Profesa huwa haniachi nimalize kitu. Nisalimie Bibi, mwambie mke mwenzake anang'aa kuliko bi harusi. Msalimie shangazi mshonaji, na mjomba kinyozi umwambie aache kukunyoa vibaya. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu na goti jepesi. Ni mimi, mkeo mdogo, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.

Nimerudi tena. Nilikuwa nakunja karatasi, mara Profesa akageukia upande wa getini, mwiko wake mkononi. Kuna mtu anakohoa huko, Babu. Kikohozi kile kile cha Mke Mkubwa ulichokuwa ukituigizia tulipokuwa wadogo tukavunjika mbavu, kikavu kwanza, halafu kinashika. Na jirani ananiita, anagonga sufuria, anasema niache kalamu nimlete mtoto mbio aone baba yake alivyokaa juu ya—